Kila Baada ya Saa Mbili

Mwaka 1917, katika hospitali ya Königshütte, mji wa wachimba makaa ya mawe uliokuwa Ujerumani wakati ule na ambao leo uko Poland, kijana wa miaka 18 alikuwa akisaidia kazi za wodini. Akaletwa mchimba makaa mmoja, mwanamume wa miraba minne, uti wa mgongo umevunjika, miguu haina habari. Kijana akashika kalamu aandike hali ya mgonjwa. Akaambiwa asijisumbue, huyo hana zaidi ya wiki chache.

Wiki tano baadaye mchimba makaa akafa kweli. Hakuuawa na mfupa uliovunjika. Aliuawa na usaha: vijidudu viliingia kwenye njia ya mkojo, na pale mwili ulipolalia godoro ngozi ilifumuka, nyama ikafa, sumu ikaenea kwenye damu. Kijana yule aliitwa Ludwig Guttmann, na uzeeni alisema kwamba sura ya mgonjwa huyo haikumtoka kichwani. Tutamrudia. Kwanza inafaa tujue ilikuwaje madaktari waliosoma, watu wenye huruma zao, wakaweza kumtazama mwanamume mwenye nguvu akioza kitandani na kuona ndivyo ilivyoandikwa.

Sisi tunakiita kidonda cha kulalia; wengine husema kidonda cha kitandani. Madaktari wa Ulaya walikuwa na neno la Kilatini, decubitus, lenye maana ileile ya kulala. Majina yote haya yana kasoro moja, kwa sababu aliyeketi kutwa nzima kwenye kiti cha magurudumu hupata kidonda hiki makalioni bila kulala hata kidogo. Kinacholeta madhara ni uzito usiohama. Ngozi na nyama hubanwa baina ya vitu viwili, mfupa kwa ndani na godoro kwa nje, na vishipa vidogo vya damu hufunga. Aliye mzima hujigeuza hata akiwa usingizini, maana mwili wake humsumbua mpaka ahame. Aliyepooza mwili wake haumwambii kitu. Mzee aliyeishiwa nguvu huambiwa, lakini hawezi kuhama.

Kuna jambo moja ambalo ndugu wengi wanaouguza hawaelezwi. Nyama iliyo karibu na mfupa hufa kabla ya ngozi iliyo juu yake. Ndiyo maana siku kidonda kinapofumuka watu hushtuka: jana palikuwa na doa, leo pana shimo linaloweza kuingia ngumi. Ni kama embe lililoanza kuoza kwenye kokwa. Ganda ndilo la mwisho kuonyesha.

Kidonda hiki ni cha kale. Kuna mwili mkavu wa kuhani wa kike wa mungu Amun, mwanamke mzee wa Misri aliyeishi takribani miaka 3,000 iliyopita, uliokutwa na vidonda makalioni na mabegani. Waliomwandaa kwa maziko walivifunika kwa vipande vya ngozi laini, kama mtu anayetia kiraka kwenye nguo nzuri, ili afike mbele ya miungu yake akiwa kamili. Nikifikiria kiraka kile huona kwamba waliokuwa naye walimpenda, na kwamba mapenzi yao hayakujua la kufanya mapema zaidi ya hapo.

Aliyejua la kufanya alikuwa mpasuaji wa Kifaransa, Ambroise Paré. Mwaka 1569 mfalme Charles IX alimtuma hadi karibu na Mons, katika Ubelgiji ya leo, kwa kijana wa ukoo mkubwa, markizi wa Havré, aliyepigwa risasi karibu na goti miezi saba kabla. Paré alisimulia safari hiyo mwenyewe. Alimkuta mgonjwa ana homa kali, macho yamezama, uso wa manjano, ulimi umekauka, sauti ya mtu anayeaga. Paja lilivuja usaha wa kijani unaonuka. Na juu ya makalio palikuwa na kidonda cha kulalia chenye ukubwa wa kiganja cha mkono. Shuka zake hazikuwa zimebadilishwa kwa muda wa miezi miwili, kwa kuwa kila alipoguswa alipiga kelele za maumivu na waliomhudumia walimwonea huruma, wakamwacha. Huruma ya namna hiyo ningali naiona katika nyumba zetu: mgonjwa akilia anapogeuzwa, jamaa husema mwacheni apumzike.

Paré hakumwacha. Aliagiza kitanda cha pili kiwekwe kando ya kile cha kwanza, chenye godoro laini na shuka safi, kisha mgonjwa ahamishiwe humo. Alifungua usaha wa pajani ukatoka. Chini ya makalio akaweka mto mdogo wa manyoya laini ya ndege, uliotengenezwa hivi kwamba kidonda kikae hewani kisiguse kitu. Akaagiza chakula cha kurudisha nyama mwilini: mayai, supu, zabibu zilizochemshwa kwa mvinyo na sukari, minofu ya jogoo na ya kware. Mgonjwa akikosa usingizi, maji yalimiminwa kutoka juu yakidondokea ndani ya sufuria kubwa, ili mlio wake uwe kama wa mvua na umbembeleze. Alipoanza kupata nafuu, wakaletwa wapiga fidla na mchekeshaji. Mwezi haukupita sana kijana akawa anakaa kitini, akibebwa nje kutazama watu wakipita.

Chumba kile kilikuwa na karibu kila kitu ambacho muuguzi wa leo hufundishwa: ondoa uzito, safisha, lisha, punguza maumivu, acha alale. Hata hivyo miaka karibu 350 baadaye mchimba makaa wa Königshütte hakupata hata mto. Elimu haitembei njia iliyonyooka. Hujulikana, ikasahaulika, na mara nyingine hufukuzwa na elimu nyingine yenye sauti kubwa kuliko yake.

Ndivyo ilivyotokea Ufaransa katika karne ya 19, na waliogongana ni watu wawili mashuhuri. Wa kwanza, Charles-Édouard Brown-Séquard, alikuwa mtoto wa Bahari ya Hindi. Alizaliwa mwaka 1817 Port Louis, Morisi, na mwaka 1854 alirudi kisiwani kwao kusaidia wakati wa kipindupindu. Karibu na mwaka 1853 alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa simbilisi na wanyama wengine aliowakata uti wa mgongo. Aliona kwamba mnyama aliyepooza hapati vidonda ikiwa ngozi yake haikandamizwi na ikiwa mkojo na choo vinaondolewa. Akaona zaidi ya hapo: kidonda kilichokwisha kutokea kilipona kwa kuoshwa na kuwekwa safi. Kwa maneno mengine, kukatika kwa neva peke yake hakuiozeshi nyama. Uzito na unyevu ndivyo vinavyoiozesha.

Wa pili alikuwa Jean-Martin Charcot, bingwa wa magonjwa ya neva katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ambako maelfu ya wanawake maskini na wazee walilazwa. Charcot alikuwa na jicho kali ajabu. Aliona mgonjwa aliyepigwa na kiharusi akitoka doa jekundu kwenye tako la upande uliopooza ndani ya siku chache tu, doa likawa lengelenge, lengelenge likawa nyama nyeusi, na mgonjwa akafa. Akalipa doa hilo jina la Kilatini lenye maana ya ndege mbaya, decubitus ominosus, yaani kidonda cha kubashiri kifo. Akafundisha kwamba neva zilizoumia zenyewe ndizo zinazoua ngozi, na kwamba mkandamizo una sehemu ndogo tu katika jambo hilo.

Kilichomponza ni ubingwa wake. Alitazama kwa makini kuliko wote, lakini alikuwa akitazama wodi ambayo wagonjwa wake walilala kama walivyolazwa. Madaktari wa Ulaya walimsikiliza Charcot, wakamsahau mtu wa Morisi. Kama kidonda kimetoka kwenye neva, nani atahangaika na godoro? Mawazo hayo yakakaa vitabuni kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyomwua mchimba makaa kabla hajashuka mgodini.

Nisiwaonee wa zama zile wote. Daktari wa Uskoti, Neil Arnott, alikuwa amebuni kitanda cha maji miaka ya 1830, mgonjwa akaelea juu ya turubai lisilopitisha maji. Mpasuaji James Paget, katika mhadhara wa mwaka 1873, alisema bila kuzunguka kwamba kidonda hiki ni kufa kwa nyama kunakoletwa na mkandamizo. Na mwaka 1859 Florence Nightingale, aliyekuwa ametoka kuwauguza askari wa vita vya Crimea, alikiandika kidonda cha kulalia katika orodha ya mambo ambayo mara nyingi si kosa la ugonjwa bali la uuguzi.

Kauli hiyo ya Nightingale ilikuwa ya kweli na ilihitajika sana. Lakini imekuwa fimbo pia. Vizazi vya wanafunzi wa uuguzi vimekua vikiambiwa kwamba kidonda cha mgonjwa ni aibu ya nesi, na aibu hufichwa. Muuguzi mmoja aliyeachiwa wagonjwa 40 usiku kucha hukuta asubuhi doa juu ya kifandugu, akalifunika shuka na kunyamaza, kwa kuwa anajua atakayeulizwa ni yeye, si aliyepanga zamu. Charcot alisema ni majaliwa. Wafuasi wa Nightingale wakasema ni uzembe. Mgonjwa hakupata nafuu kubwa kwa lolote kati ya hayo mawili, mpaka alipotokea mtu wa kupanga mikono ya kutosha na saa ukutani.

Mtu huyo ndiye yule kijana wa Königshütte. Guttmann alikuwa amesoma udaktari, akawa bingwa wa mishipa ya fahamu huko Breslau chini ya profesa Otfrid Foerster. Mwaka 1933 Wanazi waliposhika dola alizuiwa kufanya kazi hospitali za umma kwa kuwa ni Myahudi, akahamia Hospitali ya Wayahudi ya mji huo. Novemba 1938, usiku ambao masinagogi yalichomwa na wanaume wa Kiyahudi kukamatwa, aliagiza kila mwanamume atakayebisha hodi apokewe bila maswali. Waliingia 64. Asubuhi polisi wa siri walipokuja aliwapitisha kitanda kwa kitanda akitaja ugonjwa wa kila mmoja, mwingine akimbunia papo hapo, na 60 wakaokoka. Machi 1939 alikimbilia Uingereza pamoja na mkewe na watoto wao wawili.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, na serikali ya Uingereza ilijua kwamba majeshi yakivuka kwenda Ufaransa watarudi askari wengi waliovunjika migongo. Katika vita vilivyotangulia wengi wa askari wa namna hiyo walikufa ndani ya wiki au miezi michache. Tarehe 1 Februari 1944 kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo kikafunguliwa katika hospitali ya Stoke Mandeville karibu na Aylesbury, na Guttmann akakabidhiwa. Wenzake walimhurumia kwa kupewa wodi ya watu wasio na tumaini.

Wagonjwa walikuja wamefungwa plasta kutoka kifuani hadi mapajani, na chini ya plasta walikuwa wakioza. Guttmann alizikata. Alitaka mito mingi, iliyopangwa chini ya mwili kwa mafungu ili mifupa iliyochomoza, yaani nyonga, kifandugu na visigino, ibaki wazi katikati ya fungu na fungu. Akatoa amri iliyowaudhi wengi: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Manesi na wahudumu wa kiume waliokuwa askari walipita kitanda kwa kitanda wakinyanyua mwili kwa pamoja, pasipo kuuburuta. Kuburuta kuna madhara yake: ngozi hunasa kwenye shuka huku mfupa ukitangulia, na vishipa vya damu hunyongeka kama mpira wa maji uliokunjwa. Guttmann mwenyewe alikuwa akitokea wodini usiku wa manane kuhakikisha kazi inafanyika. Alikuwa mkali, na wako waliomwogopa. Lakini vidonda vilianza kufunga.

Watu waliotarajiwa kufa wakaanza kuchoka kulala, na hapo akawaletea michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, majeruhi 16 walishindana kulenga mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu katika uwanja wa hospitali. Kutoka hapo yalizaliwa mashindano ya dunia ya watu wenye ulemavu, yaliyofanyika Roma mwaka 1960. Wanariadha wetu wanaoziletea Kenya na nchi nyingine medali za Paralimpiki wanakimbia katika njia iliyoanzia kwenye amri ya kugeuza wagonjwa. Asiyetibiwa kidonda cha makalio hawezi kukaa kitini, na asiyekaa kitini hachezi.

Askari vijana walipata mtetezi. Wazee je? Katika wodi za wazee za Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950 kidonda cha kulalia kilikuwa jambo la kila wiki. Kila sista alikuwa na dawa yake aliyoirithi kwa sista aliyemfundisha. Mmoja aliamini kusugua mgongo kwa spiriti, mwingine kwa sabuni na maji, mwingine krimu. Wako waliopaka ute wa yai kisha wakaukausha kwa kupuliza oksijeni kutoka kwenye mtungi. Hakuna aliyekuwa amekaa akahesabu.

Aliyehesabu alikuwa muuguzi, Doreen Norton. Akiwa na mwenzake Rhoda McLaren na daktari wa wazee, A. N. Exton-Smith, alichunguza wagonjwa wazee hospitalini, na mwaka 1962 wakachapisha matokeo yao kama kitabu. Norton aliona tatizo ambalo wengi hawakuliona. Huwezi kusema dawa hii ni bora kuliko ile kama wagonjwa waliopakwa dawa hii walikuwa na nguvu na wale wa dawa nyingine walikuwa wamekwisha dhoofu. Lazima kwanza upime hatari ya kila mmoja. Basi akatengeneza kipimo cha maswali matano. Hali ya mwili ikoje? Akili iko sawa? Anatembea? Anaweza kujigeuza? Anajizuia haja? Kila swali lina alama kuanzia 1 hadi 4, hivyo aliye mzima kabisa hupata 20 na aliye hoi hupata 5. Walioingia hospitalini na alama 14 au pungufu ndio waliokuwa wakipata vidonda, na waliokuwa chini zaidi walipata zaidi. Vidonda vingi vilitokea ndani ya wiki mbili za kwanza za kulazwa.

Pamoja na hesabu hiyo kulikuwa na nyingine ambayo mimi huiona nzuri kupita zote katika historia hii. Mwaka 1961 Exton-Smith na mwenzake Sherwin walichapisha uchunguzi wa wazee 50 ambao vitanda vyao vilifungwa chombo cha kuhesabu mara ambazo mwili hujongea usiku. Waliojongea zaidi ya mara 50 hakuna aliyepata kidonda. Waliojongea mara 20 au pungufu, 9 kati ya 10 walipata. Hapo palikuwa na jibu kwa Charcot, kwa Nightingale na kwa sista wa spiriti, wote kwa pamoja. Mwili wenyewe una uuguzi wake wa usiku, ule wa kujigeuza bila kujijua. Ukikoma, lazima mwingine aufanye kwa mikono yake.

Spiriti haikuwa ikisaidia, ilikausha ngozi. Kusugua doa jekundu nako kunaumiza nyama ambayo tayari inakufa chini yake. Tabia hizi hazijatutoka. Katika hospitali zetu na majumbani bado utamkuta ndugu mwenye mapenzi ya dhati akichua mgongo wa mgonjwa kwa nguvu palepale palipoanza kubadilika rangi, au ameweka glavu iliyojazwa maji chini ya kisigino, au amemkalisha mgonjwa juu ya mto wa duara wenye tundu katikati. Glavu ni ndogo mno, haigawi uzito. Mto wa tundu hubana pembezoni na kuikatia damu sehemu iliyo katikati, ileile iliyokusudiwa kulindwa. Kisigino kinataka mto wa kawaida uwekwe chini ya mguu kwa urefu, kuanzia nyuma ya goti hadi karibu na kifundo, chenyewe kining'inie hewani. Ni mto wa Paré, umeshuka tu kutoka makalioni hadi mguuni.

Baada ya Norton vipimo viliongezeka. Mwaka 1985 Judy Waterlow wa Uingereza akaja na chake. Mwaka 1987 Barbara Braden na Nancy Bergstrom, Marekani, wakaongeza maswali kuhusu chakula, unyevu na kule kuburuzwa kwa ngozi. Kipimo cha Braden, chenye alama 6 hadi 23, ndicho kinachofundishwa sehemu nyingi duniani sasa. Vipimo ni vizuri kwa kuwa humlazimisha muuguzi kumtazama mgonjwa mzima kabla doa halijatokea. Lakini nimeziona fomu zilizojazwa vizuri kwa kalamu ya bluu, alama 11, na mgonjwa amelala chali vilevile alivyolazwa asubuhi. Karatasi haimgeuzi mtu.

Matibabu ya kidonda chenyewe yalipinduliwa mwaka uleule wa kitabu cha Norton, 1962, na nguruwe. Mtafiti wa London, George Winter, aliwatia nguruwe wadogo majeraha madogo ya juu juu, mengine akayaacha yakauke na kufanya kigaga, mengine akayafunika kwa plastiki nyembamba yabaki na unyevu. Yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa kasi inayokaribia mara mbili. Kabla ya hapo kila mtu, kuanzia bibi kijijini hadi profesa, aliamini kidonda kianikwe kikauke. Kumbe chembe za ngozi changa hutambaa, na kwenye kigaga kikavu hazina pa kupita. Kidonda chenye unyevu wa kiasi, kilichoondolewa nyama iliyokufa, kisicho na mgandamizo juu yake, cha mtu anayekula vizuri, huwa na nafasi ya kupona. Asali, ambayo Wamisri waliiandika katika dawa zao za majeraha, imerudi mahospitalini kwa heshima. Jamaika wauguzi wameweka papai kwenye vidonda sugu, nao wana sababu: utomvu wake huyeyusha nyama iliyooza. Ila hakuna asali wala papai litakaloponya kidonda ambacho mwenyewe bado amekilalia.

Kuna sehemu moja ya historia hii inayotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1989 jopo la wataalamu wa Marekani lilikigawa kidonda katika hatua nne. Hatua ya pili ngozi imechubuka au ina lengelenge. Ya tatu shimo limefika kwenye mafuta. Ya nne nyama, mishipa ya misuli au mfupa unaonekana. Hatua ya kwanza, ile ambayo bado kila kitu kinaweza kuokolewa, ni wekundu usiofifia ukiubonyeza kwa kidole. Wekundu kwa nani? Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani kabisa. Kanuni iliandikwa kwa kutazama miili ya Wazungu, ikafundishwa kila mahali. Huko Marekani kwenyewe ikaja kuonekana kwamba wagonjwa weusi waligunduliwa kwa kuchelewa, wakiwa tayari na vidonda virefu. Mwaka 1998 maelezo ya hatua ya kwanza yakarekebishwa yataje joto, ugumu na maumivu. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Kisumu anayesoma kitabu chenye picha za ngozi nyeupe pekee ananyang'anywa jicho lake, na jambo hili linaniuma. Afundishwe kutumia mkono. Ngozi nyeusi inayoanza kuumia huwa na giza zaidi kuliko iliyo kando yake, au rangi ya zambarau, inang'aa, huwa na joto kwanza, kisha baridi, ukiibonyeza ni ngumu kama imewekewa kitu chini, au imelegea kama unga uliokandwa. Mgonjwa akiweza kusema, atasema panamuuma au panamuwasha. Mwanga wa dirisha unaonyesha vizuri kuliko taa ya dari.

Nchi tajiri zimeendelea kujifunza kwa maumivu. Oktoba 2004 Christopher Reeve, mwigizaji wa filamu za Superman aliyepooza baada ya kuanguka farasini, alifariki akiwa anatibiwa maambukizi yaliyotokana na kidonda cha kulalia, ingawa alikuwa na wauguzi wake. Miaka minne baadaye, Oktoba 2008, bima ya serikali ya Marekani iliacha kuzilipa hospitali gharama za ziada za vidonda vya hatua ya tatu na ya nne vilivyotokea mgonjwa akiwa mikononi mwao. Hata saa mbili za Guttmann zimechunguzwa upya: huko Ubelgiji iligundulika kwamba kwenye godoro zuri la sponji maalumu kugeuza kila baada ya saa nne kunaweza kutosha. Kwetu, ambako godoro limebonyea katikati mpaka mgonjwa anausikia waya wa kitanda, saa mbili bado ndizo salama.

Na kwetu wanaogeuza ni wengi zaidi ya manesi. Katika wodi za mifupa kuna vijana walioanguka kutoka juu ya minazi na miembe, na waliogongwa kwenye bodaboda. Kando ya kitanda kuna mama, dada au mke, amelala juu ya kanga chini ya kitanda. Saa nane usiku nesi huja na tochi ya simu. Huyo wa chini huamka kabla hajaguswa. Mmoja hushika shuka ya kunyanyulia upande wa mabega, mwingine upande wa mapaja, wananyanyua, hawaburuti, wanamweka ubavuni kwa mwinamo kidogo ili uzito usiangukie mfupa wa nyonga, wanaweka mto mgongoni na mwingine kati ya magoti. Nesi anapitisha nyuma ya kiganja chake juu ya kifandugu, polepole, halafu kando yake, analinganisha. Anasikiliza kwa mkono. Kisha anaandika kwenye karatasi iliyoning'inizwa kitandani: kushoto, saa nane. Anahamia kitanda kinachofuata.